Klinyota yenye kujizima: kidole chetu kilizoea vibaya

Simama ku Carrefour asubuhi dakika tano tu, utaona. Moto inapita, taa ya kuume inawaka, inazima, inawaka, inazima. Inafika ku njia ya kwanza, haiingii. Inafika ku njia ya pili, haiingii. Mwenye moto anaangalia mbele, kichwa juu, hana habari. Nyuma yake kuna taksi mbili na lori moja la cimenti, na hakuna hata mmoja anayeamini ile taa. Mwishowe mama mmoja muuza ndizi anainua mkono, anafungua na kufunga vidole na kulalamika: « Klinyota! Papa, zima klinyota! »

Watu wanacheka. Sisi pia tulikuwa tunacheka. Lakini asubuhi moja ya mwezi wa pili, mvua ikiwa imetoka kuisha, hatukucheka, kwa sababu mwenye moto ile alikuwa sisi.

Tulikuwa tunapanda Chaussée de Kasenga kuelekea Ruashi. Tulikuwa tumegeuka kuume nyuma kidogo, kukwepa shimo lililojaa maji, na tulifanya vizuri: tuliwasha klinyota, tuliangalia nyuma, tuligeuka. Kisha tuliirudia barabara kubwa, na ile taa tukaisahau. Ilibaki inaongea peke yake karibu kilometre nzima. Mbele, ku njia ndogo ya mukono wa kuume, manseba mmoja alikuwa anangoja kutoka. Nyuma yake alikuwa amepakia mama na beseni ya bitoyo. Aliona taa yetu. Taa ilimwambia: huyu anaingia huku kwako, toka tu. Akatoka.

Tulifunga breki, lakini lami ilikuwa na matope. Moto yetu iligusa gurudumu lake la nyuma. Yeye hakuanguka. Sisi hatukuanguka. Ni mama njo alianguka, na mkono wake wa kushoto ulivunjika hapa juu ya kiganja. Bitoyo ilisambaa barabarani, na watoto wakaja kuiokota, na wengine, tuseme ukweli, wakaenda nayo.

Mtu wa roulage alipofika hakutuuliza mwendo wetu. Hakutuuliza kwanza karatasi. Aliangalia moto yetu pale ilipolala, klinyota ingali inawaka inazima, akatuuliza: « Klinyota yenu ilikuwa inasema nini? »

Hatukuwa na jibu.

Moto haiko sawa na gari

Baada ya siku ile tulianza kuuliza kitu ambacho kila mwenye moto amekwisha kujiuliza: juu ya nini klinyota ya gari inajizima yenyewe, na ya moto inabaki?

Fundi mmoja wa Kamalondo, ambaye anatengeneza gari na moto pia, alitufasilia bila kusimamisha kazi yake. Mu gari, klinyota inasukumwa na fimbo iliyo chini ya usukani. Ndani, mu shingo la usukani, kuna kijino kidogo. Ukigeuza usukani kwa kuingia njia, kijino kinapita tu. Ukirudisha usukani sawa, kile kijino kinakamata fimbo na kuirudisha katikati. Hakuna kompyuta, hakuna umeme wa akili. Ni chuma na plastiki, na kazi hiyo ni ya zamani: Buick, kampuni ya Marekani, ilikuwa nayo ku gari zake tangu mwaka 1940.

« Sasa moto, » fundi akasema, « we unageuzaka usukani wa moto? »

Tulimujibu ndiyo. Akacheka. Alikuwa na haki ya kucheka. Ukienda polepole, sawa wakati unazunguka mu parsele, ndiyo, unageuza usukani. Lakini ukiwa barabarani na mwendo kidogo, moto haigeuki kwa usukani, inageuka kwa kulala. Unaielemeza, na usukani unasogea kidole kimoja tu. Tena kuna jambo la ajabu: kusudi moto ilale kuume, mkono wa kuume unasukuma mbele kidogo, na gurudumu kwanza linaangalia kushoto. Tunafanya vile kila siku bila kujua. Kile kijino cha gari, ukikiweka ku moto, hakitajua hata unaenda upande gani.

Njo maana ku moto zetu nyingi za hapa, zile 125 za India na za China, kazi ya kuzima imebaki ya kidole gumba cha kushoto. Unasukuma kushoto, unasukuma kuume, na kisha unabonyeza katikati. Kidole kikisahau, taa haisahau.

Wiki mbili na moto ya yaya

Wakati ule kuna yaya mmoja mu Bel-Air, alikaa Ubelgiji miaka mingi, alirudi na moto yake ndani ya konteneri. Moto ya Wajerumani, ya zamani, 750, injini ya silinda tatu iliyolala ubavuni, nzito kupita kilo 200. Alisikia habari ya mama na bitoyo. Alituita, akasema: « Mukuye muone. Hii yangu inajizimaka yenyewe. »

Alitukopesha wiki mbili, wakati yeye anangoja karatasi zake.

Siku ya kwanza ilikuwa haya tupu. Ku moto ile hakuna kifungo kimoja cha klinyota. Kuna vitatu. Cha kushoto kiko ku mkono wa kushoto, cha kuume kiko ku mkono wa kuume, na cha tatu, cha kuzima, kiko pale pale kuume juu kidogo. BMW ilikuwa inaweka vile ku moto za namna ile, zilizoanza kutoka mwaka 1983. Ukifikiri vizuri, ina maana: unaenda kushoto, unabonyeza kwa mkono wa kushoto. Mtoto anaweza kuelewa. Lakini kidole chetu hakikuwa mtoto, kilikuwa mzee mwenye mazoea yake. Tukitaka kuume tulitafuta kushoto. Tukitaka kuzima, tulipiga honi. Ku taa nyekundu moja tulimpigia honi polisi mara mbili, na tulimuomba radhi mara tatu.

Siku ya tatu mikono ilielewa. Siku ya tano tulianza kufurahi. Tunawasha, tunageuka, tunaendelea, na baada ya muda, tik, taa inazima peke yake. Sawa na mtu aliyekaa nyuma yako anayekukumbusha bila kelele.

Tuliuliza yaya namna gani inajua. Akatufasilia: haijui kama umegeuka. Inahesabu tu. Inahesabu sekunde 10, na inahesabu metre 210 kufuata mashine ya kupima mwendo. Zote mbili zikitimia, inazima. Yamaha ilikuwa na kitu cha namna ile mbele yao, tangu mwisho wa miaka ya 70: sekunde 10 na metre 150.

Hapa neno kubwa ni « na ». Kama ingelikuwa inahesabu sekunde peke yake, ungesimama mu foleni ku taa nyekundu, unangoja kugeuka, na klinyota ingezima mbele ya kugeuka. Kwa sababu inangoja metre pia, ukisimama inaendelea kuwaka. Na kama ingelikuwa inahesabu metre peke yake, ku mwendo mkubwa ingezima haraka sana. Ukienda kilometre 100 kwa saa, metre 210 zinaisha mu sekunde 8 hivi. Kwa hiyo inangoja sekunde 10, na wewe umekwisha kufika karibu metre 280.

Ni hesabu nzuri. Lakini ni hesabu iliyofanywa kwa barabara za Ulaya.

Metre 210 za Katuba

Siku ya sita tulipita mu Katuba. Tuligeuka kuume mu avenue moja, mwendo wa kilometre 40. Tukangoja ile « tik ». Tukapita avenue ya kwanza, taa inawaka. Tukapita ya pili, taa ingali inawaka. Ku kona ile, mutoto wa masomo mwenye baskili alikuwa anataka kuvuka. Aliona klinyota yetu, akaweka mguu ku pedali, akaanza kuingia barabarani.

Tulipiga honi. Safari hii kidole hakikukosea. Mutoto alirudisha mguu chini. Tukaendelea mbele kidogo, moyo unapiga, na ndipo tulisikia: tik. Taa ikazima yenyewe.

Fanya hesabu na sisi. Kwa mwendo wa kilometre 40, metre 210 ni karibu sekunde 19. Mu komini zetu, mu metre 210 kunaweza kuwa avenue mbili ao tatu. Kwa hiyo ile taa, hata ikiwa inajizima, inadanganya kona mbili mbele ya kusema ukweli. Mashine haikuharibika. Ilifanya kazi yake sawa ilivyoagizwa. Ni sisi tuliofikiri kwamba kujizima ni kujua.

Jioni tulimueleza yaya. Hakushangaa. Akasema: « Miye sikungojeaka ile. Nikimaliza kugeuka, minabonyeza. Ile yenyewe ni ya siku minasahau. »

Miaka yote ile Ubelgiji, yaya alikuwa anazima kwa kidole. Mashine ilikuwa ya kumushika siku akili iko mbali. Sisi, wiki moja tu, tulikuwa tumekwisha kuipatia kazi yote.

Moto za leo zimeendelea. Zile za bei kubwa, zenye kompyuta, zinaweza kupima mwendo wa magurudumu na namna moto inalala na kuinuka, na hivi zinakaribia kujua kweli kama umemaliza kugeuka. Lakini moto ya namna ile haitakuja kubeba bitoyo ku Ruashi kesho.

Kurudia moto yetu

Sasa, wasomaji, sikieni jambo ambalo hatukulitazamia. Karatasi za yaya zilitoka, tukamurudishia moto yake, tukarudia ile 125 yetu. Siku ile ile, kutoka Kenya mpaka mjini, watu wanne walitufungulia na kutufungia mkono. Wanne. Mbele ya ajali tulikuwa tunasahau mara moja moja. Nyuma ya kuzoea moto yenye kujizima, tulisahau kila kona. Kidole kilikuwa kinangoja « tik » ambayo haitakuja.

Mazoea ya mkono ni sawa na mutoto: yanafuata anayeyalea. Tulipaswa kuyalea upya, na tulienda kumuona tena fundi wa Kamalondo. Hakutupatia dawa moja, alitupatia ngapi, na tunaziandika hapa kwa sababu kila moja inawezekana hapa kwetu.

Ya kwanza haina bei. Kila ukitoka mu kona na moto ikisimama sawa, bonyeza kifungo cha katikati, hata kama unafikiri klinyota haikuwaka. Kubonyeza bure hakuharibu kitu. Fundi anasema ufanye vile wiki tatu bila kuacha, kisha kidole kitafanya chenyewe hata ukiwaza deni la kodi ya nyumba.

Ya pili ni sauti. Unaweza kufungwa kifilimbi kidogo cha umeme, kinalia kila taa ikiwaka: pip, pip, pip. Ni kazi ya nyuzi mbili, moja inatoka ku klinyota ya kushoto, nyingine ku ya kuume. Lakini uangalie: fundi lazima aweke diodi mbili, moja ku kila uzi. Diodi inaachilia umeme upite upande mmoja tu. Bila zile, umeme wa kushoto utapitia ku kifilimbi na kwenda kuume, na taa zote zinaweza kuwaka pamoja. Hapo umekuwa mti wa Noeli, hakuna anayejua unaenda wapi.

Ya tatu, sikiliza mwendo wa taa yenyewe. Klinyota nzuri inawaka kati ya mara 60 na mara 120 kwa dakika moja. Ku moto nyingi, ikianza kukimbia mbio, ama ikikataa kuwakawaka, mara nyingi ampule moja imekufa. Na kama umetia ampule za LED na ukaacha relé ya zamani, itakimbia pia, kwa sababu LED inakula umeme kidogo na relé inadhani ampule imeungua. Unabadilisha relé, inaisha.

Ya ine ni mkono. Moto nyingi za manseba hazina hata klinyota moja. Zilivunjika ku maanguko, ao goti la mpakiwa lilizing'oa. Basi manseba anapunga mkono, ama anamuomba mpakiwa: « Mama, unyooshe mukono kuume. » Watu wa mjini wanadharau ile, lakini sisi hatuidharau tena. Mkono una uzuri wake: hauwezi kuusahau nje. Unachoka, unaurudisha.

Sheria yenyewe inakubali mkono pale taa haiko. Mapatano ya Vienna ya mwaka 1968 juu ya mwendo wa barabarani yanasema mwenye kugeuka aonyeshe wazi na mapema, kwa taa ama kwa mkono. Na yanaongeza jambo ambalo wengi hatukufundishwa: alama iendelee wakati wote wa kugeuka, na ikome mara moja kugeuka kunapokwisha. Kuzima ni sehemu ya sheria, sawa na kuwasha. Nchi yetu iko na Code de la route yake tangu tarehe 30 mwezi wa 8 mwaka 1978, na wengi kati yetu tuliisikia tu siku ya kukamatwa.

Kila mtu na luga yake

Kuna tena jambo la mji wetu. Lubumbashi iko karibu na Zambia, kule wanapita kushoto, sisi tunapita kuume. Gari nyingi zinatoka Japani na usukani kuume, na fimbo ya klinyota kuume pia. Dereva aliyezoea fimbo ya kushoto anataka kugeuka, anawasha vifuta-mvua mu jua la mwezi wa tisa. Umekwisha kuona ile.

Ku barabara ya Kasumbalesa ni luga nyingine. Kuna madereva wa malori wanaowasha klinyota si kwa kugeuka, lakini kwa kukuambia: pita, mbele hakuna mtu. Mwingine anawasha ya upande ule ule kwa kukuambia usipite. Dereva aliyetoka kule wanapita kushoto anaweza kuleta luga ya kule bila kufikiri. Mwenye moto anayeamini taa peke yake pale anaweka maisha yake mu mkono wa mtu asiyemujua. Amini taa nusu. Nusu nyingine angalia gurudumu la mbele: kama mtu kweli anageuka, anapunguza mwendo na gurudumu linaanza kuangalia njia.

Tungependa kumuambia hivyo manseba wa siku ile. Lakini hatuwezi kumutupia kosa letu. Yeye aliamini, na kuamini taa si kosa. Bila kuaminiana hakuna mwenye kuvuka Carrefour.

Mama alikaa na plasta wiki sita. Tulilipa hospitali, tulilipa bitoyo, na kila juma tatu tulienda kumuona, kwa sababu mtu wa kuuza samaki kwa mkono mmoja anakosa mengi kuliko bei ya beseni. Siku walipotoa plasta, alijaribu vidole, kimoja kimoja. Cha mwisho hakikunyooka sawa. Tulimuomba radhi tena.

Akasema: « Mutoto yangu, miye njo nilimwambia manseba atoke. Niliona taa yako. Nilimwambia: toka, huyu anaingia. »

Hatukujua ile. Miezi yote ile alikuwa hajatuambia.

Tulitoka kwake saa kumi na moja jioni, njia ikiwa imejaa watu wanaorudi nyumbani. Ku kona ya kwanza tuliwasha kushoto, tukageuka, moto ikasimama sawa. Tukabonyeza katikati. Tukaangalia chini kuhakikisha. Taa ilikuwa imezima.